Saa Isemayo Uongo

Hunenwa kwamba usingizi ni nduguye mauti. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliusadiki msemo huo alfajiri moja alipokifunua kipakatalishi chake. Alikuwa amekilaza saa tano za usiku, kurasa sita za sura ya tatu ya tasnifu zikiwa hazijahifadhiwa. Taa ndogo iliwaka, feni ikavuma, lakini kioo kikabaki cheusi tititi. Hakuwa na budi ila kukishikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazimika kabisa, na kurasa zile zikaenda nayo.

Tarakilishi inapolazwa, kazi yote husalia katika kumbukumbu inayoendelea kupata umeme kidogo, ilhali kichakataji, diski na kioo huzimwa. Wakati wa kuamka, kiini cha mfumo wa uendeshaji hukipitia kila kifaa na kukiamsha. Kimoja kikigoma, safari nzima yaweza kukwama papo hapo. Uzito wa kulichunguza kosa hili umo humu: kioo ambacho kingelionyesha bado kimelala, na diski ambayo ingeandikiwa habari zake imelala vilevile. Mpelelezi anaikuta maiti, wala hapana shahidi.

Mwaka wa 2006, Linus Torvalds, Mfini aliyekianzisha kiini cha Linux mwaka wa 1991, alimtafuta shahidi huyo na kumpata mahali pasipotarajiwa: katika saa ya ndani ya mashine, ile inayoendeshwa na betri yake ndogo. Chipu ya saa hiyo ina baiti 114 zilizokusudiwa hasa kuhifadhi habari, ila programu ya kuwashia mashine huzifuta. Kinachosalimika ni tarehe na wakati tu. Basi Torvalds akaifanya saa iseme uongo. Kiini kinapoamka huandika ndani yake tarehe ya kubuni ambayo kwa hakika ni fumbo: miaka 100, miezi 12, siku 28 (ili hata Februari isilete ubishi), saa 24, na dakika zilizokatwa vipande 20 vya dakika tatutatu. Jumla ni tarehe 16,128,000. Humo hubanwa jina la faili la programu pamoja na mstari wake, kwa namba moja kati ya 997, na jina la kifaa, kwa namba moja kati ya 1,009. Mashine ikiwashwa upya, kiini huisoma tarehe ile, hukokotoa, kisha hutaja mahali palipoonekana mara ya mwisho kabla ya giza.

Ila saa haingoji. Kuwashwa upya kukichelewa zaidi ya dakika tatu, ushahidi huharibika. Fauka ya hayo, vifaa viwili vyaweza kuangukia namba moja, na asiye na hatia akatajwa. Hata anayetajwa kwa haki ni wa mwisho kuonekana tu. Yamkini ubaya ulitendwa na mwingine aliyetangulia. Mwanafunzi wa fasihi hawezi kulistaajabia jambo hili, maana ndiyo kazi yake ya kila siku: matini humpa ishara, haimpi hukumu.

Mwenzake wa sayansi ya tarakilishi ndiye aliyemwonyesha namna ya kuiwasha mbinu hiyo, iitwayo pm_trace. Waliilaza mashine, ikafa kama ilivyozoea, wakaiwasha upesi. Mstari mmoja ulijitokeza, ukaitaja kadi ya mtandao usiotumia waya. Mwenzake akashauri kwamba programu ya kadi hiyo iondolewe kwanza, kisha mashine ijaribiwe tena na tena kabla ya kuihukumu.

Huku akingoja, mwanafunzi alianza kuiandika upya sura ya tatu. Ni kurasa nne tu alizozikumbuka. Alizihifadhi kabla ya yeyote kukumbuka kuirekebisha saa, na faili likajiandikia mwaka wa 2041. Kisha akakifunga kifuniko.