Alimaliza mionzi, akashuka ziwani

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, amemaliza matibabu ya kansa ya titi. Alivuka Ruzizi kwenda Kigali, hospitali ya Kanombe, ambako tiba ya mionzi ilianza 2019. Huku Kivu ya Kusini mashine hiyo haiko.

Akiwa kwenye dawa alijiahidi jambo moja: akimaliza, atapanda boti hadi Goma, akae siku mbili kando ya ziwa na kusikiliza miziki ya tamasha la Amani, lililoanza 2014. Aliweka pesa kidogo kidogo ndani ya kopo.

Lakini vita iliingia Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Ndugu waliokimbia Kalehe wakaja kuishi kwake. Shemeji yake akamwambia: “Shemeji, utaenda kucheza miziki na watoto wanalala chini?”

Hakugombana naye. Aligawa zile pesa: nusu ya kurudi kwa daktari, kwani kumaliza dawa si kumaliza vipimo, nusu ya bugali na sambaza. Jumamosi wote walishuka ziwani, hapahapa Bukavu. Vijana wa kwaya walileta gitaa na ngoma. Watoto wa Kalehe, waliozoea ziwa hilohilo, ndio waliotangulia majini. Mama aliimba hadi sauti ikakauka.

Jioni jirani mmoja alimvuta pembeni. Ana kivimbe kwenye titi tangu Pasaka, na hakuwa amemwambia mtu. Jumatatu watakwenda hospitali pamoja.