Ziwa Halina Njaa

Ile video ya "kisiwa kisichorudisha watu" niliyoweka hapa mwezi uliopita nimeitoa. Mmeniuliza sana kwa nini, maana ndiyo iliyotazamwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Ngoja niwaambie.

Kwa wale wageni: ni Kisiwa cha Kusini, huku kwetu Ziwa Turkana. Mwaka wa 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs kutoka Uingereza, Martin na Dyson, walivuka kwenda huko. Hawakuonekana tena. Hayo ni kweli. Mengine ni chumvi ya intaneti: eti mji unaotokea kwenye ukungu, eti kijiji kizima kilitoweka. Mimi nikaongeza yangu. Nikaweka muziki wa kuogofya, nikanenepesha sauti, nikasema ziwa lina njaa.

Mjomba wangu ni mvuvi hapa Kerio. Watoto wake wakamwonyesha. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Kwa hivyo mdogo wangu aliliwa?"

Mdogo wake, naye mjomba wangu, alizama nikiwa darasa la tatu. Mwili haukupatikana. Nilikuwa nimesahau, yaani nimesahau kabisa, nikiwa nahesabu waliotazama.

Hadithi za kutisha zimefanya hivi tangu zamani. Mary Shelley alianza Frankenstein mwaka wa 1816 akiwa kando ya Ziwa Geneva, mvua na radi kila siku. Kwenye kitabu, radi inapiga na zimwi linaonekana, kana kwamba mbingu inajua mtu amekosa. Kumbe majira yale yaliharibiwa na volkano ya Tambora, Indonesia, iliyolipuka 1815. Haikumjua mtu yeyote.

Nikatafuta wanasayansi wanasemaje kuhusu ziwa letu. Mwaka wa 1982 Kinuthia na Asnani waliandika kuhusu upepo wa Turkana: unatoka kusini mashariki, unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na kwa kubanwa unaongeza kasi, kama maji ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole. Una nguvu zaidi usiku hadi asubuhi. Ndio huo huo unaozungusha mitambo 365 karibu na Loiyangalani. Maandishi makavu kweli, mtu hayumo hata mmoja. Lakini angalau hayasemi mjomba alichaguliwa.

Halafu nikamkumbuka ata, bibi yangu. Alikuwa akituambia ziwa lina mwenyewe: huamka watu wakilala, na hata kukipambazuka bado ana hasira, kwa hivyo msubirini achoke. Nilidhani ni hadithi ya mizimu kama yangu. Sasa angalieni hizo saa vizuri. Mwenye ziwa wa ata alikuwa na ratiba, na ni ile ile ya wanasayansi. Wa kwangu hakuwa na saa. Alikula tu, huna la kufanya.

Nilienda kumwomba mjomba msamaha. Akanyamaza kidogo, akiendelea kushona wavu, kisha akasema video nyingine atazungumza yeye mwenyewe, ndani ya mtumbwi. Tumekubaliana Jumamosi saa kumi jioni, upepo ukishalala.