Omena wa Muhuru

Miaka ya tisini, asubuhi ya jua kali, ufuo wa Muhuru Bay ulikuwa mweupe kwa omena. Mashua zilirudi alfajiri na karabai zimezimwa, na akina mama wakamwaga samaki hao juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Kufikia saa nane mchana wachuuzi walikuwa wameanza kufungua magunia.

Nyanya yangu hakuwa na haraka. Alimwokota omena mmoja, akamvunja kwa vidole. Akikatika kwa mlio, sawa. Akijikunja, nyanya hauzi. "Bado ana maji ndani, nyathina," aliniambia, nami nikatazama nisione maji yoyote. Gunia la omena wa aina hiyo lilikuwa likiota ukungu njiani kwenda Migori.

Maji hayo nilikuja kuyaelewa darasani, tulipofundishwa bondi ya haidrojeni. Katika molekuli ya maji, oksijeni huzivuta elektroni upande wake, haidrojeni zikabaki na chaji chanya kidogo, na chaji hiyo ndiyo inayonasa oksijeni ya molekuli jirani. Wanakemia Latimer na Rodebush waliliandika wazo hilo huko Marekani mwaka 1920. Bondi moja ni dhaifu, kama sehemu moja ya ishirini ya nguvu inayoshikilia haidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli yenyewe, na hukatika na kuungana upya bila kukoma. Ila ni nyingi mno. Haidrojeni salfaidi ina molekuli nzito kuliko ya maji, lakini huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa kuwa bondi hizo karibu hazimo.

Basi jua la Muhuru lilikuwa na kazi kubwa: kilo moja tu ya maji hudai kilojuli zipatazo 2,400 ili igeuke mvuke. Maji ya juu ya ngozi hutangulia kutoka. Yaliyoshikana na protini za nyama, kwa bondi zile zile, hung'ang'ania hadi mwisho, na hayo ndiyo vidole vya nyanya vilikuwa vikiyatafuta. Msimu wa mvua hewa yenyewe ilijaa mvuke, molekuli zikirudi kwenye samaki karibu sawa na zinavyotoka. Omena waliooza wakauzwa kwa bei ya kutupa, wawe chakula cha kuku. Niliwaona akina mama wakikunja nyavu hizo bila kusema neno, na hadi leo naona huzuni ile ilistahili kutajwa katika somo la kemia.

Mbuta, samaki mkubwa kuliko omena, hakuanikwa. Yeye alingojewa na lori lenye barafu, na hapo bondi zilikuwa upande wetu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu hula kilojuli 334, joto linalotosha kuyapandisha maji yale yale kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Joto hilo lote lilitoka kwenye samaki na kwenye hewa ya sanduku la lori, na maadamu kipande cha barafu kilikuwa bado kimo, mbuta alibaki karibu na sifuri. Kwa hiyo wapakiaji waliojua kazi hawakubandika barafu juu tu. Waliiponda, wakaishindilia matumboni na kati ya samaki na samaki, ndipo lori likaondoka.