Jicho Linaloona Vizuri

Tanga, Jumanne 4 Machi 2025

Ramadhani imeingia na benchi la nje limepungua watu. Fundi cherehani mmoja, mwenye sukari tangu zamani, amekuja kwa sababu hawezi tena kutunga uzi. "Dokta, nipe miwani tu." Nilipotaka kumtia dawa ya kupanua mboni akaniuliza kama haifunguzi. Masheikh wengi wanasema matone ya jicho hayafunguzi, lakini swaumu ni yake. Akampigia imamu wake simu palepale, kisha akainua uso nimtie.

Baada ya nusu saa nikaona. Jicho la kulia, analolilalamikia, limevimba kwenye kitovu cha retina, na madoa ya mafuta ya njano yamekizunguka. La kushoto anasomea gazeti bila shida. Humo ndimo nilimokuta vishipa vipya, vyembamba, vimesokotana. Hilo la kushoto ndilo lililoninyima raha mchana kutwa.

Alhamisi 6 Machi

Fundi amekuja na mkewe. Nikawaambia la kushoto litachomwa kwa leza. "Hili zima unalichomea nini?" Nikawachorea: sukari imeziba mishipa midogo, retina imekosa hewa, ikaotesha mingine isiyo na nguvu. Ikipasuka, damu hujaa ndani ya jicho, na mtu huamka haoni. Haiumi hata kidogo, ndiyo maana watu hawaji.

Sikumficha kwamba leza hupunguza kuona kwa pembeni na usiku, na kwamba hairudishi kilichopotea. Mkewe akauliza mara mbili, "Lakini ataendelea kushona?" Nikasema hilo ndilo tunalolipigania. La kulia nitalichoma sindano ya bevacizumab, dawa iliyoanzia kwenye saratani ya utumbo mpana. Hiyo hurudiwa kila mwezi mwanzoni, na nauli zao nazijua.

Alhamisi 13 Machi

Kikao cha kwanza cha leza, jicho la kushoto. Alama za kijivu zikajipanga pembezoni, moja baada ya nyingine, mia kadhaa. Jumla zitapita elfu, kwa vikao. Alitulia kuliko nilivyotarajia, ila alishika ukingo wa meza kwa nguvu.

Jumatano 19 Machi

Bibi mwenye mtoto wa jicho, mboni nyeupe kabisa. Naye ana sukari. Retina yake siioni, nimeagiza ultrasaundi kabla ya kumpangia upasuaji. Wanawe wanataka kesho. Nimewaambia nikitoa mtoto wa jicho huku retina imeharibika, bibi bado hataona, na watajua hivyo baada ya kulipa.

Ijumaa 28 Machi

Nimeongea na muuguzi wa kliniki ya sukari. Wanapima damu, presha, wanakagua miguu. Macho hayamo kwenye kadi, na milango yetu inatazamana! Amekubali: kila mgonjwa wa sukari aletwe kwangu mara moja kwa mwaka, hata anayesema anaona vizuri. Huyo hasa. Tunaanza baada ya Idi.