Safari ya Kasindi: tulichojifunza juu ya sanduku la mchezo wa kuigiza



Juma hili tunawaletea habari ya safari. Mnakumbuka shida iliyo mezani. Vijana wetu wa mchezo wa kuigiza wana deni la miezi mitatu ya nyumba wanamofanyia mazoezi, dola 30 kila mwezi, na mwenye nyumba amesema mwezi huu ukiisha ataweka kufuli. Katika mkutano wengine walisema tuandikie shirika fulani barua ya kuomba. Wengine wakasema Kasindi kuna kikundi kidogo kinachojilisha chenyewe. Komiti ikatutuma sisi wanne tukaone kwa macho.

Tuliondoka Butembo Alhamisi, tukalala Beni. Kutoka kwetu hadi Beni ni kilomita 54, na kutoka Beni hadi Kasindi ni karibu 80. Ukishavuka mto Semliki, hewa inabadilika. Sweta zetu za Butembo ziliingia mfukoni, na upande wa kushoto mlima Ruwenzori, wenye kimo cha mita 5,109, ulikuwa umejifunika mawingu kama mama aliyejifunga kitenge kichwani. Pale Bulongo tulinunua ndizi. Saa tano tukafika Kasindi, tukiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Kasindi ni mji wa kupita. Malori yanasimama mstari mrefu kungoja forodha, kambisti wameketi na mafungu ya franka na shilingi za Uganda, motari wanaita abiria, na ng'ambo ya mto Lubiriha kuna Mpondwe, Uganda. Ijumaa ni siku ya soko huko. Wamama wanavuka na mizigo kichwani, wanarudi na mingine. Kinande cha huku na Lukonzo cha huko vinasikilizana, kwa hiyo mzaha ukisemwa upande mmoja, upande wa pili wanacheka pia.

Hapo ndipo tulipopata somo la kwanza. Wale vijana hawaiti watu waje kwao. Wao ndio wanaowafuata watu. Wanacheza siku ya soko, saa nane mchana, wakati wamama wengi wamemaliza kuuza na wana franka chache mkononi. Saa kumi wamemaliza, ili kila mtu afike nyumbani kabla ya giza. Kwa jambo hili hawafanyi mchezo. Kasindi haijasahau Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, bomu lilipolipuka kanisani wakati wa ibada. Mlangoni, mama mmoja na kijana mmoja wanaangalia kila mfuko kwa heshima, na hakuna anayekasirika. Mama yule alituambia: "Wamama wangu, mtu akiwa na hofu hawezi kucheka, na asiyecheka hatarudi Ijumaa nyingine."

Uwanja wao ni kiwanja cha jirani kilichozungushiwa shitingi. Mtu mzima analipa franka 1,000, mtoto 500. Tuliomba ruhusa tuhesabu pamoja nao. Walikuwa watu wazima 63 na watoto 88, jumla franka 107,000. Wakatoa 25,000 za kukodi kipaza sauti na 7,000 za maji na usafi. Zikabaki 75,000. Asiye na franka aliingia na mayai mawili au kikombe cha maharagwe, na vitu hivyo vilipikiwa waigizaji jioni. Mandazi na chai viliuzwa na wamama wa mtaa, na kila muuzaji alirudisha sehemu ndogo ya faida yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa juu ya mume anayeuza kakao ya nyumba nzima, kisha anarudi na redio mpya na mfuko mtupu. Wamama walipiga kelele hadi mwigizaji akasahau maneno yake! Tukauliza nani alichagua hadithi hiyo. Wakajibu: wanaolipa ndio wanaochagua. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, michezo ya kuigiza ilitumika huku kwetu kufundisha watu namna ya kujikinga. Kazi hiyo ilifaa. Lakini kikundi kinachongoja mradi kinanyamaza mradi ukiisha, na hadithi ya redio na kakao isingeandikwa katika ombi lolote.

Tukakumbuka pia kwamba barabara ya Kasindi, ukiifuata kupitia Kampala kuelekea Nairobi, inakupitisha karibu na Limuru, Kenya. Huko, katika kijiji cha Kamiriithu, wakulima na wafanyakazi walijijengea wenyewe mwaka 1977 uwanja wa michezo wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Serikali ilizuia mchezo wao Novemba mwaka huo huo, na mwaka 1982 uwanja ukabomolewa. Lakini ujenzi ule unaonyesha kwamba mikono ya kijiji inatosha kuanza.

Jambo la mwisho ni sanduku. Wanalitunza kama letu la likirimba: kufuli tatu, funguo tatu, wamama watatu wa nyumba tatu tofauti. Mchezo ukiisha, hesabu inasomwa kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Hapo ndipo tulipoona aibu kidogo, maana vijana wetu walicheza mara nne mwaka jana na hakuna kati yetu aliyeuliza franka zilikwenda wapi.

Basi, haya ndiyo tutakayoyaweka mbele ya mkutano ujao. Kwanza, mchezo mmoja mchana wa siku ya soko, kwa kiingilio kile kile cha Kasindi, na wakaguzi mlangoni. Pili, mandazi na chai viwe vyetu. Tatu, sanduku la kufuli tatu, hesabu isomwe hadharani. Nne, kila mmoja wetu alete hadithi moja ya kweli ya nyumbani, bila kutaja jina la mtu.

Tulipiga hesabu njiani tukirudi. Tukipata kama walivyopata wao, mchezo mmoja hautamaliza deni, hata miwili haitatosha. Kwa hiyo tunaomba pia wawili kati yetu wamwendee mwenye nyumba kwa upole, wamwonyeshe sanduku, wamwombe apokee kidogo kidogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukutane kwenye mkutano. Mwenye shitingi nzima nyumbani, asiisahau.