Mtoto Akileta Jiwe Nyumbani



Juma lililopita tuliwafundisha watoto wa mwaka wa sita habari za mfupa wa Ishango, ambao Jean de Heinzelin aliuchimbua mwaka 1950, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard. Una mikato iliyopangwa kama hesabu, na leo umehifadhiwa Brussels.

Kesho yake mtoto mmoja akatuletea jiwe lenye umbo la konokono. Tukamsifu mbele ya wote. Jioni tukawakuta wenzake saba wakichimba chini ya korongo, udongo ukining'inia juu ya vichwa vyao. Tulitetemeka. Kosa lilikuwa letu: tuliwaonyesha hazina, hatukuwaonyesha hatari.

Basi tukawaeleza. Ishango iko ndani ya parke ya Virunga. Huko huwezi kwenda kujichimbia wala kuondoa kitu. Kule Lyme Regis, Uingereza, watu wa kawaida wanaruhusiwa kuokota mawe yaliyoanguka pwani, lakini si kuchimba jabali. Hapo ndipo Mary Anning, binti wa seremala, alitafuta mabaki ya wanyama wa kale na kuyauza, jamaa yake ipate chakula. Mwaka 1833 jabali liliporomoka likamuua mbwa wake, yeye akapona chupuchupu.

Kwetu tumekubaliana hivi: kwanza kuomba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa chifu; kuokota ya juu tu; kuandika mahali jiwe lilipotoka; na mtu mzima awepo.

Mama, mtoto akirudi na jiwe, usilitupe. Muulize kwanza: «Umelitoa wapi?»