Mteja Anapofoka

Vijana ninaofanya nao kazi hawaamini jinsi wateja wetu wa kwanza walivyokuwa na subira. Nilianzia saiba ndogo Kisauni, Mombasa. Kabla ya 2009, kila ukurasa ulipitia setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ulibofya, ukangoja, ukapiga soga na jirani. Neti ikikatika, mzee alinipa pole mimi, akaenda zake hadi kesho.

Julai 2009 kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ikaanza kazi, TEAMS nayo ikafika mwaka huohuo. Bei ya jumla ikashuka, nikaweza kusimamisha mlingoti na kurusha intaneti hadi majumbani. Subira nayo ikaisha. Aliyelipia megabiti 5 alizitaka zote saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umeingia mtandaoni. Nilimweleza kwamba tunagawana, au kwamba mwembe wa jirani umenawiri ukaziba antena yake. Yote kweli, na hakuna lililompoza.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona ndipo nilipoanza kuzisikia simu za malalamiko kwa sikio jingine. Mama mmoja wa Bamburi alinifokea hata nikaisogeza simu. Alipotua nikamuuliza, "Mama, kuna nini hapo nyumbani?" Kimya. Kisha: "Mwanangu yuko kwenye mtihani wa chuo, baba. Imekata katikati." Sauti ile haikuwa ya hasira tena.

Tangu hapo, anayepokea simu ofisini kwetu huuliza kwanza mtu alikuwa akifanya nini, ndipo amwambie azime ruta na kuiwasha. Wa mtihani au wa kikao cha kazi huhudumiwa kabla ya mwenye filamu, na fundi hutumwa kwake hata jioni.

La pesa lilikuwa gumu zaidi. Mfumo wetu ulikuwa ukimkata mtu saa sita usiku kifurushi kikiisha, bila kujali. Hoteli za pwani zilikuwa zimefungwa. Wateja waliolipa miaka yote bila kukumbushwa hawakuwa na mshahara. Tukaacha laini wazi kwa siku chache, spidi ikiwa ndogo, ya kutosha ujumbe na masomo. Anayeniuzia mimi hakuniongezea hata siku moja, kwa hiyo huruma hii ina kipimo, na wapo wanaoitumia vibaya. Bado naona ni afadhali hao wachache wanidanganye kuliko kumfungia mtoto anayesoma.

Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, tuliwaandikia wateja kabla hawajapiga: tatizo liko wapi, na kwamba siku ya kutengemaa hatuijui. Wengine walitutukana. Wengi walishukuru kuambiwa ukweli. Neti iliporudi sawa, tuliongeza siku kwenye vifurushi vyote, vya walioomba na wasioomba.